Mti wa Mwaitu

Tulimzika mume wangu Nzioka mwezi wa tatu, kwao Ukambani, mvua ikiwa bado haijaamua kunyesha. Baada ya siku kumi na mbili nikarudi Jericho, Nairobi, nikafungua madirisha, nikafagia vumbi, nikachemsha maji ya kuoga. Nilipokuwa nikitoka bafuni nilishika ule mti wa kushikilia ulio ukutani kama nilivyoushika kila siku kwa miaka zaidi ya arobaini, na mkono wangu ukateleza. Sikuanguka. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye kile kiti chenye miguu ya ndovu, maji yakinitiririka mgongoni. Halafu nikavaa, nikapika chai, nikainywa peke yangu. Sikumwambia mtu.

Binti yangu Mutheu ni mtoto mwema. Hilo niliseme kwanza. Alikuja Jumapili kutoka mtaa wa Tena, akaleta matunda na unga, akaniangalia nikitembea kutoka jikoni hadi kwenye kiti, akaweka kikombe chini. "Mama, huwezi kukaa hapa peke yako. Njoo kwangu." Nikamwambia kwake ni ghorofa ya tatu. Akasema basi niende nyumbani Ukambani, kuna hewa, kuna msichana wa kazi. Nikamuuliza mimi mama yake nilipika wapi jana, nikalala wapi juzi, na kama hapo si nyumbani ni wapi. Akacheka kwa hasira, jinsi baba yake alivyokuwa akicheka. "Mama, wewe ni mkaidi." Nikamjibu kwamba ukaidi huo nilifundishwa, na nilifundishwa humu humu ndani. Hakuuliza na nani. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya mti kufungwa, kwa hiyo yeye aliukuta ukutani kama alivyoukuta mlango na dirisha, akadhani nyumba zote huwa hivyo.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimeolewa kwa miaka mitatu, nimesoma hadi darasa la sita. Nzioka alikuwa mchongaji katika kibanda cha Wakamba wenzetu upande wa Makadara, na mimi nilifanya kazi hapo hapo. Yeye alikata, mimi nililainisha. Paa, twiga, ndovu, vichwa vya Wamasai, vyote vilitoka mikononi mwake vikiwa na alama za tezo, lile shoka dogo la mchongaji, vikaja kwangu. Nilivipiga msasa mkali, kisha msasa laini, kisha nikavipaka rangi ya viatu ya kahawia na kuvisugua kwa kitambaa mpaka uso wa mtu uonekane ndani yake. Hatukuwa na haja ya kuambiana. Akiweka kitu chini kikiwa kinakwaruza, maana yake ilikuwa, Ndunge, hiki ni chako sasa. Naeleza hili kwa sababu ndilo lililomwangusha mama yangu.

Alikuja mwezi wa pili bila kutuma habari. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta nje ya mlango, ameketi juu ya sanduku lake la bati, fimbo imelazwa mapajani, na jirani yetu Mama Wambui amesimama kando akimhudumia kwa chai na maswali. "Huyu cucu amekataa kuingia kwangu," Mama Wambui akaniambia, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Anasema anangoja mwenye nyumba." Nikamsalimia, nikamuuliza kuna nini. Mwaitu, yaani mama, ndivyo tulivyomwita kwa Kikamba, akaniambia kana kwamba anataja bei ya maharagwe: "Nimeanguka mara mbili tangu Krismasi. Mara ya pili nililala chini tangu chai ya asubuhi mpaka kuku wakaingia. Nimekuja kukaa."

Msomaji asiyetoka kwetu hataona ugumu uko wapi. Kwetu, enzi zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamwiti jina, hampi mkono, hamtazami usoni, hakalii kitanda chake. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Na nyumba yetu ya kaunseli, yaani halmashauri ya jiji, ilikuwa na vyumba viwili, jiko la kugeuka mara moja, na nyuma yake ua mdogo wa saruji, na ng'ambo ya ua huo choo na bafu. Kichaka hakikuwepo. Nzioka alipotokea kwenye kona akiwa na mfuko wake wa vifaa, akaona nani ameketi mlangoni, aligeuka papo hapo akapotelea nyuma ya nyumba. Dakika chache baadaye Mama Wambui akaja akijizuia kucheka. "Bwana yako yuko kwangu jikoni. Anasema cucu aingie. Na anasema alale chumba cha ndani kwa sababu hakina upepo." Mwaitu akainuka. "Mwambie mwenye nyumba nimesikia."

Ndivyo tulivyoishi. Sisi tulihamia chumba cha mbele, tukatundika pazia. Mwaitu alipotaka kupita aligonga fimbo chini mara mbili, na Nzioka akageuza kiti akaukabili ukuta mpaka apite. Walizungumza, tena sana, lakini kupitia kwangu, sote watatu tukiwa hatua nne tu mmoja kutoka kwa mwingine. "Ndunge, mwulize mama kama muthokoi imeiva vizuri." "Mwambie mwenye nyumba imeiva, lakini mahindi haya ya mjini yametwangwa na mtu mvivu." "Mwambie mama aliyetwanga ni binti yake." "Mwambie ndiyo maana nimejua." Mimi nilikuwa katikati na sahani yangu, nikigeuza shingo huku na huku, na sikuwa na haja ya kurudia hata neno moja. Lakini nililirudia kila neno, kwa kuwa ndivyo heshima ilivyotaka.

Kaka yangu Kimeu alikuwa dereva wa malori huko Mombasa. Alifika katika wiki ya pili, safari yake ikipitia Nairobi, akasimama katikati ya chumba bila kuvua kofia. Alikuwa na haki zote upande wake. Yeye ndiye mwana wa kiume, nyumba ya mama iko kwenye shamba lake, na mama kulala chini ya paa moja na mkwe ni jambo ambalo watu wa kwetu wangelisema kwa sauti ya chini. "Ndunge, unataka tuchekwe?" Nikamwambia kule nyumbani mlimani mama huanguka. "Na hapa? Kuna ngazi pale nyuma, kuna saruji kila mahali, choo ni cha kuchuchumaa. Mguu ule hauchuchumai." Alisema kweli. Nyonga ya mama ilikuwa imeumia na kupona vibaya. "Basi sikiliza," akasema. "Nitapata likizo mwezi wa kumi na mbili. Kama kufikia wakati huo hajaanguka, sitasema neno. Akianguka hata mara moja, namchukua, na hamtanizuia." Mwaitu alikuwa ndani nyuma ya pazia. Akasema, "Kimeu, salimia mke wako," na hilo lilikuwa jibu lake lote.

Kimeu alipoondoka Nzioka akaingia kupitia jikoni. Alikuwa uani muda wote ule, amekaa kwenye ngazi. "Ndunge, mwulize mama ni nini hasa kinachomshinda." Jibu likatoka nyuma ya pazia. "Mwambie ngazi zile mbili za kushuka uani. Mwambie kuchuchumaa. Na pale bafuni, sabuni ikimwagika." Halafu, kwa sauti nyingine ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake: "Na mwambie, binti yangu akinipeleka haja kila siku kama mtoto mchanga, basi Kimeu ana haki. Nataka kwenda mwenyewe na kufunga mlango." Nzioka alikuwa ameukabili ukuta. Niliona kichwa chake kikiinama kwa aibu ya kusikia habari za haja ya mama mkwe. Akajibu, "Mwambie nimesikia."

Alianza na kiti. Alichukua gogo la muhugu, ule mti mgumu wa wachongaji, lililokuwa limetengwa kwa ndovu mkubwa, akalikata likawa kiti cha kusimama juu ya choo, chenye tundu katikati. Kibandani hawakumwacha. "Nzioka, kwani siku hizi watalii wanabeba vyoo ndani ya ndege?" Mwingine: "Usimcheke, hiyo ni oda ya malkia." Yeye aliendelea kukata. Walipozidi akainua kichwa akasema, "Ninyi mtazeeka mkiwa mmesimama," basi wakarudi kwenye magogo yao, kisha wakaanza upya. Mikono yake ilikuwa imechonga ndovu kwa miaka kumi, haikujua mguu mwingine mnene, kwa hiyo kiti kilitoka na miguu minne ya ndovu, na kucha zake. Siku ya kwanza Mwaitu alitoka chooni polepole, akasimama jikoni, akatangaza: "Mwambie mwenye nyumba kwamba leo nimepanda mnyama." Nzioka aliinamisha uso juu ya sahani na mabega yake yakatikisika muda mrefu.

Mti wa kushikilia ulikuwa kazi nyingine. Ulitakiwa uanze mlangoni mwa chumba chake, upite jikoni, ushuke ngazi, uvuke ua kwenye ukuta wa pembeni, uingie chooni na bafuni. Lakini ukae juu kiasi gani? Hakuweza kumtazama mtu aliyekuwa akimchongea. Akanipa kamba nimpime mama kutoka sakafuni hadi kiganjani, nifunge fundo. Nikampima. Nzioka akafunga kipande cha kwanza usawa wa fundo, na mama akawa anapita karibu nacho akigonga fimbo vile vile. Jioni mbili Nzioka akasikiliza, ameukabili ukuta wake. "Hashiki," akaniambia. "Fimbo bado inabeba uzito. Mti uko juu sana. Alisimamaje ulipompima?" Nikakumbuka. Mwaitu, aliyetembea amejikunja kama mundu, aliniona na kamba, akajua kamba ile inakwenda mikononi mwa mkwe wake, akajinyoosha wima kama askari wa gwaride. Hakutaka apimwe akiwa amepinda.

Nzioka hakumsema. Aliniambia nikwangue masizi chini ya sufuria, niyachanganye na mafuta kidogo, nimpake mama kiganjani kila asubuhi, kisha nimwache ashikilie ukuta mwenyewe kwa siku tatu bila mtu kumtazama. Mwaitu aligombana na mimi kuhusu masizi yale, lakini alipakwa. Siku ya nne ukuta wote ulikuwa na viganja vyake vyeusi, kutoka mlango wa chumba hadi bafuni. Vilikwenda sawa kidogo, vikashuka karibu na ngazi, vikashuka tena mahali alipochoka, vikapanda kidogo mlangoni mwa choo ambapo alijivuta. Nzioka alitembea navyo taratibu akiviwekea alama kwa penseli. Alikuwa anamwona mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, na alimwona vizuri kuliko mimi niliyemtazama usoni kila siku. Kisha akachonga mti ukafuata viganja vile, kipande kwa kipande, muhugu uliopinda ukaungwa na mwingine uliopinda. Mama Wambui alikuja kuazima chumvi, akautazama. "Aki Ndunge, bwana yako ni fundi ama ni mlevi? Hii kitu imepinda kama nyoka." Mwaitu akamjibu kutoka ndani kwa Kiswahili chake kidogo: "Mimi pia napinda."

Karani wa ofisi ya estate naye alikuja, maana nyundo ilisikika. Alikuwa kijana mwenye faili. Akasema ni marufuku kutoboa ukuta wa kaunseli. Niliogopa, kwa kuwa nyumba ile tuliipata kwa kungoja miaka. Mwaitu akatoka, mkono juu ya mti, akaja mpaka mbele yake, akasimama bila fimbo. "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa unafanya kazi gani kabla?" Karani akasema ni ukuta tu, cucu. "Sasa unanishika. Kaandike hivyo." Sijui aliandika nini. Hakurudi.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane mama yangu alikwenda mwenyewe. Ni jambo dogo kulisema. Asubuhi nilisikia kiganja chake kikipita kwenye mti kwa sauti ya kukwaruza, ngazi moja, ngazi ya pili, ua, kisha komeo la mlango wa choo likifungwa kwa ndani. Nilikuwa nikipika uji, na nilipolisikia komeo lile niliinua kichwa kila mara. Alianza kuoga mwenyewe. Alianza kukaa uani kuchambua maharagwe na kuwasema watu wa ploti nzima. Nzioka, kwa kumheshimu, aliacha kuingia bafuni kabisa tangu mti ulipokwisha. Aliogea kwenye mfereji wa kibandani.

Na sasa nifike kwenye kosa langu. Mti ule aliufunga ukiwa na alama zote za tezo. Mimi nilijua maana yake, au nilidhani najua. Kulikuwa na oda kubwa ya paa, sikuwa na nafasi. Oda ilipokwisha, mwezi wa tisa, wanawake wa kanisa wakatuma habari kwamba watakuja kuomba nyumbani kwetu Alhamisi. Nikaona aibu. Waje waone nyumba ya mchongaji ina mti unaokwaruza kama kuni? Nikabeba msasa wangu nikaanzia mwisho, bafuni. Jumamosi, Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu. Msasa mkali, msasa laini, rangi ya viatu, kitambaa. Ulipendeza sana. Nikauona uso wangu ndani yake.

Jumanne saa sita mchana nilikwenda sokoni kununua sukuma. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na nikasikia sauti ya mama ikitoa amri. "Simama. Ngazi. Inua mguu wa kulia. Sasa wa kushoto. Hapo kuna jiko la makaa, lina moto, pita kushoto. Kushoto, nimesema!" Nilidhani anajisemesha. Kisha Nzioka akatokea jikoni, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na sabuni, na mgongoni mwake Mwaitu, amezungushiwa blanketi letu, nywele zinachuruzika maji, mkono mmoja umeshika sikio la mkwe wake akimwongoza nalo kama usukani. Sukuma ilinianguka. "Usisimame hapo," mama akaniambia, "vuta pazia."

Nzioka alikuwa amerudi kuchukua tezo ndogo aliyoisahau. Alisikia kishindo bafuni, halafu kimya. Aliita jina langu, hakuna jibu. Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao hayakutofautiana hata neno. Alisimama uani, akaupa mlango mgongo.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mkweo."

"Ondoka."

"Siondoki."

Tangu nilipoolewa hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao yasiyopitia kwangu. Akaenda kuchukua blanketi, akalirusha ndani kwa kulipitisha juu ya bega. Akangoja.

"Umefumba macho?"

"Nimefumba."

"Na mgongo?"

"Nimekupa mgongo."

"Basi rudi nyuma polepole. Ukinikanyaga tutajuana."

Alipomweka kitandani akatoka bado amefumba macho, akajigonga paji la uso kwenye mlango, akachukua tezo yake, akarudi kazini bila kunitazama. Mama hakuvunjika kitu. Alikuwa na jeraha la kiwiko na ubavu uliogeuka rangi. Nilikwenda bafuni. Niligusa mti, nikiwa bado na unyevu mikononi, mkono ukateleza, nikajua kabla sijauliza. Nilikaa kwenye saruji pale nikalia, na nilikuwa nikilia kwa sababu mbili, na sababu ya pili ilikuwa Kimeu.

Jioni nilimwambia Nzioka. "Ni mimi niliyeupiga msasa." Akasema, "Najua. Kazi ya mkono wako naijua." Nilingoja anigombeze. Alikuwa ameshika tezo. "Kosa ni langu," akasema. "Sikukuambia huu haukuwa wa kuuza." Akaomba ruhusa kwa mama kupitia kwangu, akaingia bafuni, akaanza kuukata ule ung'aavu wote niliousugua siku tatu. Mapigo madogo, karibu karibu, kama magamba ya samaki. Wanawake wa kanisa walikuja Alhamisi wakaukuta hivyo, na mmoja akauliza kama ulikuwa umeliwa na wadudu. Nikasema hapana, ndivyo ulivyo.

Kuhusu Kimeu, Mama Wambui alinishauri ninyamaze. "Nani atamwambia? Ukuta?" Nakiri nilitaka sana kunyamaza. Nilikuwa nimeshapanga la kusema akiuliza habari ya jeraha. Mwaitu ndiye aliyeniambia nilete kalamu. "Andika kwamba nimeanguka. Andika nani alinibeba. Andika pia kwamba siondoki." Nikamwambia hayo ya mwisho hayataki kukaa na yale ya kwanza katika barua moja. "Yaandike kwa mstari tofauti," akasema.

Kimeu alikuja mwezi wa kumi na mbili na pikapu ya kuazima, nyuma kuna godoro jipya nene la kumlaza mama safarini. Nzioka aligeuza kiti akaukabili ukuta. Hakutoka nje safari hii. Kimeu alianza mlangoni. "Tulikubaliana nini?" Mwaitu akamwambia aketi ale kwanza, na aliketi, maana mama ni mama, akala muthokoi bila kuinua macho. Alipomaliza, Mwaitu akaegemeza fimbo yake ukutani, akaiacha hapo. Akashika mti. Kimeu akainuka haraka kumsaidia. "Keti," akamwambia. Akaketi. Tulimsikia tu. Kiganja kikikwaruza jikoni. Ngazi ya kwanza. Kimeu akashika meza. Ngazi ya pili. Ua. Mlango. Komeo. Watu wazima watatu tulimsikiliza mzee akiwa chooni, na hakuna aliyeona haya. Kisha maji, komeo, kiganja, ngazi, ngazi, akatokea, akasimama mbele ya mwanawe akipumua.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mwaitu. Lakini ile aibu..."

"Aibu gani?"

"Kubebwa na mkwe. Watu wa nyumbani wameshasikia."

"Kubebwa na mkwe ni aibu, kweli. Na wewe mwenye ruhusa ya kunibeba ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, Mwaitu."

"Sikulaumu. Nauliza tu. Na ukienda kazini tena, niangukie wapi?"

Kimeu akasugua kofia yake magotini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo lazima kuwe na mbuzi wa kuchinjwa kuondoa mwiko ule, na mbuzi huyo ni wa Nzioka kumtoa. "Mbuzi nitatoa mimi," mama akasema. "Mimi ndiye niliyepanda. Yeye hakuona kitu." Kutoka ukutani, bila kugeuka, Nzioka akasema, "Ndunge, mwambie mama tutamtoa pamoja." Mama akasema, "Mwambie mwenye nyumba nimesikia." Kimeu aliwatazama, ule mgongo na yule mzee, akainuka, akatoka. Nilidhani amekasirika. Alirudi akiwa amebeba lile godoro kichwani, akalitandika mwenyewe kitandani kwa mama, akaondoka na pikapu tupu.

Mwaitu aliishi nasi miaka tisa zaidi. Hakusema na Nzioka moja kwa moja tena, wala yeye hakumtazama. Alianguka mara moja nyingine, na ilikuwa kanisani, kwenye ngazi zisizo na mti. Alikufa juu ya godoro la Kimeu, asubuhi, baada ya kwenda na kurudi mwenyewe.

Miaka ikaenda, zamu ikafika kwa Nzioka. Mwanzoni alikataa kuushika. Alisema mti ule ni wa mama. Kisha magoti yakamshinda, akaushika, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzito na aliegemea pale pale kila siku, kabla ya mlango wa bafu, magamba ya mahali hapo yakaisha. Pakawa laini kama mgongo wa paa. Hapo ndipo mkono wangu ulipoteleza. Siku nyingi baada ya ile nilikwenda nikapashika tu, kavu, nikiwa nimevaa nguo zangu. Kiganja chake kilikuwa kikubwa kuliko changu na alama yake ilinizunguka vidole. Sina picha inayofanana naye kuliko hapo.

Mutheu amesema ataleta fundi aondoe mbao zote aweke vyuma. Nimemwambia alete fundi awashe taa ya uani, hilo nitashukuru, lakini mti hauguswi na mtu. Nyumba hii ilikwisha kufunzwa kushika wazee, na mimi ndiye aliyebaki wa kushikwa. Akaenda zake amekunja uso, naye atarudi Jumapili.

Jana asubuhi niliutoa mfuko wa vifaa vya Nzioka chini ya kitanda. Tezo ndogo ilikuwa imefungwa kwa kitambaa changu cha kusugulia. Maisha yangu yote ya kazi nililainisha alichokata, sikuwahi kukata. Nilisimama mbele ya mahali pale palipong'aa kwa muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Kisha nikapiga. Pigo la kwanza lilikwenda vibaya, la pili pia. Nikaendelea, madogo, karibu karibu, mpaka alama ya kiganja chake ikaisha yote na unga mwekundu ukajaa sakafuni, na harufu ya muhugu ikatoka kama siku ulipokatwa. Nililoweka mkono kwenye ndoo, nikaupaka sabuni, nikashika, nikajivuta kwa uzito wangu wote. Ulikwaruza. Nikafunga komeo, nikaoga.